Cheti cha Uhai

Jumatatu, 5 Mei 2025

Barua imefika. Nimeikuta leo kwenye sanduku la posta mjini Nyeri, bahasha ya kahawia, kona moja imelowa na kukauka. Imeandikwa tarehe 3 Machi. Inanitaka nithibitishe kwamba ningali hai: nitie sahihi mbele ya shahidi asiye jamaa yangu, naye atie yake, kisha fomu irudi Uingereza katika wiki 16. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa jikoni. Mwisho ni 23 Juni. Wiki tisa zimeishia njiani, nimebakiwa na saba.

Isipofika, malipo yangu ya uzeeni yatasimamishwa. Kuulizwa kama ni hai sikukatai. Wapo watu waliokula pensheni za marehemu kwa miaka. Lakini ningependa barua yenye uzito huu ije mapema.

Jumatano, 7 Mei

Jioni nimeongea kwa WhatsApp na mwenzangu wa zamu za usiku kule Leicester. Ni Mfilipino, na sasa amerudi kwao Cebu. Tulivaa sare moja na kukatwa bima ya taifa kwa kiwango kimoja. Mimi nilifanya kazi miaka 34, na mwaka mmoja nikaulipia mwenyewe ili itimie 35 inayotakiwa kwa malipo kamili.

Nilihamia huku Julai 2023. Malipo kamili wakati huo yalikuwa pauni 203.85 kwa wiki. Aprili 2024 yakapanda kufikia 221.20, na Aprili mwaka huu 230.25. Mwenzangu anapata 230.25. Mimi napata 203.85, na nikijaliwa kufika miaka tisini huku Nyeri, nitakuwa bado napata 203.85.

Sababu ni mapatano. Uingereza huongeza malipo ya wastaafu walio katika nchi ilizofunga nazo mapatano ya namna hiyo, kama Ufilipino, Jamaika, Morisi na Marekani. Kenya haimo. Kanada na Australia hazimo pia, wala Afrika Kusini, alikohamia Annette Carson. Mama huyo aliishtaki serikali ya Uingereza kwa jambo hili hili hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 akashindwa, majaji 11 kwa 6. Nimesoma hoja za wale sita na nakubaliana nao. Mchango ulipokuwa ukikatwa kwenye mshahara wangu, hakuna aliyeniuliza nitakwenda kuzeekea wapi.

Tofauti ni pauni 26.40 kwa wiki, yaani kama shilingi 4,500. Hizo ni dawa zangu za presha, na bado inabaki ya kumlipa kijana anayekama ng'ombe.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada nimempelekea mchungaji ile fomu. Ameisoma yote, ameuliza mambo mawili ya maana, akatia sahihi vizuri. Kisha akapiga muhuri. Muhuri ulikuwa umetoka kutiwa wino mpya. Umeangukia juu ya namba yangu ya bima, na tarakimu tatu za mwisho hazisomeki.

Amesikitika sana. Nimemwambia, "Usijali, Baba Mchungaji." Tulijaribu kuufuta kwa pamba yenye spiriti, karatasi ikaanza kuchubuka, tukaacha.

Alhamisi, 15 Mei

Leo ni zamu ya kitambulisho.

Nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 1998 kwa ajili ya kazi. Sheria ya Kenya ya siku hizo haikuruhusu uraia wa nchi mbili: ukishika wa pili, wa kwanza umekuponyoka. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Kifungu cha 14 kinampa aliyezaliwa Mkenya haki ya kurudishiwa uraia wake akiomba. Niliomba mwaka jana, nikarudishiwa. Wengi wetu tuliokuwa ng'ambo tunadhani ukirudishiwa yamekwisha. Hayajaisha. Bila kitambulisho huna shughuli inayokwenda, na mimi nina shamba la marehemu baba. Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hamiliki ardhi hapa ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Shamba ambalo mama yangu alilipalilia nikiwa mgongoni siwezi kulikodi.

Mashine ya alama za vidole imekataa vidole vyangu. Kidole gumba cha kulia kilijaribiwa mara nne. Karani, msichana mpole, alisema, "Shosho, hebu visugue kidogo." Nikavisugua. Akaleta mafuta ya mgando, nikapaka, nikapangusa. Mashine ikakataa tena.

Nilikipeleka kidole dirishani nikakitazama. Ile mistari ya mviringo imebaki pembeni tu. Katikati ni laini kama ndani ya kikombe. Nilianza kunawa mikono kwa kazi nikiwa mwanafunzi wa uuguzi Tumutumu, karibu na Karatina, na sikuacha mpaka nilipostaafu: kabla ya mgonjwa, baada ya mgonjwa, sabuni na maji ya moto. Kando yangu kwenye benchi aliketi mama wa Othaya ambaye amechuma chai tangu ujana. Vyake vilikataa pia. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu na nyeusi, zimepasuka kwa mistari ambayo si ile inayotafutwa. Tulikaa pamoja tukisugua vidole mpaka saa nane. Tumeambiwa turudi.

Jumatatu, 19 Mei

Benki yangu ya Uingereza imeniandikia: kwa kuwa anwani yangu iko nje ya nchi, niingie kwenye akaunti nithibitishe habari zangu, la sivyo wataifunga. Kuingia kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwa simu. Inatumwa kwa laini ya Uingereza pekee.

Laini hiyo ninayo. Iko ndani ya simu ya zamani ninayoihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, na kila baada ya miezi mitatu natuma ujumbe mmoja isije ikakatwa. Tatizo ni kwamba nyumba yetu iko bondeni kuelekea mto Chania na mtandao haushuki huko. Basi nikamweka mjukuu wa jirani mezani mbele ya kompyuta, nami nikapanda na simu mpaka kwenye mwavokado ulio juu ya shamba. Nikapaza sauti, "Bonyeza!" Akabonyeza. Namba ikafika. Nikaisoma kwa sauti. Upepo ulikuwa unavuma, akasikia tano badala ya tatu. Tulirudia. Mara ya tatu akaunti ilijifunga yenyewe hadi kesho yake.

Jumanne, 20 Mei

Tumejaribu tena asubuhi, kabla upepo haujaanza. Tumefaulu.

Halafu nikapiga simu Uingereza kuuliza kuhusu ule muhuri. Nilisubiri muda mrefu, salio likapungua. Mama aliyepokea alinisaidia sana: niiandike upya namba pembeni kwa maandishi yanayosomeka, shahidi mwingine anayekubalika atie sahihi kando yake. Daktari anafaa.

Jumatano, 28 Mei

Nanyuki. Akaunti yangu ya hapa nyumbani niliifungulia huko, nilipofikia kwa dada yangu mara ya kwanza. Fedha ya mwezi ilikuwa imezuiwa kwa sababu majina hayalingani. Kule Uingereza jina la mume wangu marehemu ndilo linalotangulia, na hapa majina ni yale ya cheti cha kuzaliwa. Nilibeba cheti cha ndoa. Wakakubali, lakini kwanza nikajaza fomu ya kutaja kila nchi ambayo nina namba ya kodi. Nchi siku hizi hupeana habari za akaunti, kwa hiyo anayerudi asidhani kwamba fedha iliyo kwingine haionekani.

Kwenye foleni nilikuwa nyuma ya mzee Mwingereza aliyestaafia Nanyuki. Tuliongea. Yeye anaishi kwa kibali cha daraja K, ambacho hupewa mgeni aliyetimiza miaka 35 na mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na hakimruhusu kufanya kazi. Pensheni yake ya serikali imeganda kama yangu, ila iliganda miaka mingi zaidi, na kila bei inapopanda yeye huuza kitu. Mwaka huu ameuza farasi.

Nilipiga hesabu nikiwa kwenye matatu. Pauni 203.85 kwa wiki 52 ni pauni 10,600 na senti kidogo. Hazifiki hata dola 15,000. Kama nisingerudishiwa uraia, na kama ningekuwa natumainia malipo hayo peke yake, nisingepata kibali kama chake cha kukaa kwetu. Jambo hili lilinikosesha usingizi.

Ijumaa, 6 Juni

Daktari ametia sahihi. Fomu imeondoka kwa wasafirishaji wa vifurushi. Bei ilinikera, lakini nimepewa namba ya kuifuatilia.

Kutoka hapo nilipita makaburi ya Mtakatifu Petro. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa pale. Alistaafia Nyeri mwaka 1938, katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan, akafariki Januari 1941. Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India, alikuja na dada yake mwaka 1947, wakakaa katika nyumba hiyo hiyo, akafariki 1955. Wakati huo pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, wala haikusogea. Walikuja kuzeekea kwenye nchi ambayo serikali yao ndiyo iliyoitawala. Sina kinyongo nao. Nilisimama nikasoma jiwe la Baden-Powell, lile lenye duara na nukta katikati, alama ambayo kwa maskauti maana yake ni kwamba mtu amekwenda nyumbani.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya mwisho ya kodi ya pango ya mwezi Mei. Kwa kiinua mgongo changu nilijenga vyumba vinane Ruring'u, kila kimoja shilingi 5,000. Kodi ni asilimia 7.5 ya pango lote, kabla ya kutoa gharama yoyote. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na haina budi kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10.

Nilikwenda saiba mapema. Kijana wa pale alijaza vizuri, lakini nilipolipa kwa simu niligeuza tarakimu mbili za namba ya malipo. Ikarudi. Nikalipa tena. Nilitoka pale saa kumi na moja na nusu nikiwa na risiti. Kijana alikataa nimlipe mara mbili, ingawa nilikuwa nimekalia kiti chake mchana kutwa.

Namba ya kifurushi inaonyesha kwamba fomu ilipokelewa Uingereza tarehe 12.

Jumatano, 25 Juni

Nilipanga leo nikapeleke ripoti ya kodi ya mwaka, maana mwisho ni 30 Juni na anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au zaidi. Saiba imefungwa. Mji wote umefunga milango. Vijana wameandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano mwaka jana siku kama ya leo. Nilibaki nyumbani redio ikiwa wazi. Yule kijana wa saiba sikuwa na namba yake, nikashinda nikimwaza.

Ijumaa, 27 Juni

Yuko salama. Jicho moja limevimba kwa moshi. Nilimwosha kwa maji safi pale pale dukani, kisha tukapeleka ripoti yangu. Imekubaliwa.

Jumatatu, 14 Julai

Baridi na ukungu, mlima haujaonekana wiki nzima. Fedha imeingia asubuhi: ya wiki nne, pauni 815.40. Wanajua kwamba ningali hai. Nimetenga ya dawa, nimemlipa kijana wa ng'ombe, nimeweka salio kwenye laini ya Uingereza na kuirudisha koponi.

Mchana yule mama wa Othaya amenipigia simu. Vidole vyake vilikubaliwa wiki iliyopita, mara ya tatu. Alikaa wiki mbili bila kuchuma chai, binti yake akamshikia zamu, na kila usiku alilala amevipaka mafuta na kuvivalisha soksi. "Dada," ameniambia, "anza leo. Alhamisi nitakuja tuende wote."

Nimetafuta soksi za sufu.