Wimbi Lisilokosea Kamwe

Aibu ya mhesabu mawimbi ina wakati wake. Ameshaandika A, B na C juu ya chati, ameshatangaza kwamba marekebisho yamekwisha, amenunua. Ghafla mshumaa mwekundu unashuka hadi pale alipojiwekea kikomo cha hasara, unamtoa sokoni, kisha bei inageuka na kupanda kulekule alikosema itapanda. Akilalamika, jibu lipo tayari: nadharia haikukosea, wewe ndiye hukuhesabu vizuri. Ni jibu la mganga anayedai dawa ni nzima ila mgonjwa alivunja mwiko. Mimi nashikilia kwamba kosa ni la nadharia yenyewe, tena katika sehemu hiyohiyo ya marekebisho.

Ralph Nelson Elliott, mwasisi wa nadharia hiyo ya mawimbi, alikuwa mhasibu wa Kimarekani, na kitabu chake The Wave Principle kilitoka mwaka 1938. Alidai kwamba bei hufuata mwenendo wake kwa mawimbi matano, kisha hurudi nyuma kwa matatu, A, B na C, ambayo ndiyo marekebisho. Yale matano yana sheria kali: la pili halivuki mwanzo wa la kwanza, la tatu haliwi fupi kuliko la kwanza na la tano yote mawili, la nne haliingii eneo la la kwanza. Hapo mhasibu yuko kazini. Yakija marekebisho, anakwenda likizo. Tazama umbo linaloitwa bapa iliyopanuka, ambalo nakiri ni kazi ya ustadi. Soko lililokuwa likipanda linashuka kidogo. Hilo ni A, na waoga wanauza. Linapanda tena, linapita hata kilele cha mwanzo. Hilo ni B. Waliouza wanajuta, waliokuwa wakisitasita wanaona mwenendo umerejea na kununua kwa pupa. Ndipo C inashuka kwa mawimbi matano hadi chini ya mwisho wa A na kuwakomba. Umbo moja limewaumiza wauzaji na wanunuzi kwa zamu, bila upendeleo, na bado linahesabiwa kuwa mapumziko tu ya soko. B ikiishia njiani, iite zigizaga. Ikikomea karibu na pale A ilipoanzia, ni bapa ya kawaida. Ikipita lakini C isifike mwisho wa A, ni bapa inayokimbia. Soko likibanana, ni pembetatu. Likikataa yote hayo, unganisha maumbo mawili au matatu uyaite W, X, Y, X, Z, maana alfabeti bado ina herufi. Sasa niambie ni mwendo gani wa bei uliokatazwa. Nadharia isiyokataza kitu haiwezi kutabiri kitu.

Watetezi watamtaja mfuasi wa Elliott, Robert Prechter, aliyeshinda mashindano ya biashara ya Marekani mwaka 1984 kwa faida ya zaidi ya asilimia 400. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini mwaka 1995 bwana huyohuyo alichapisha kitabu cha kutabiri anguko kubwa, fahirisi ya hisa ya Dow Jones ikiwa karibu na 5,000. Mwaka 1999 ilipita 10,000, na mwaka 2024 ikapita 40,000. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kila hesabu ina kiwango ambacho bei ikikivuka, hesabu imekufa. Sawa. Ila mwalimu wa mawimbi huwa na hesabu mbadala mfukoni, na hesabu ya kwanza ikifa anaendelea na ya pili kana kwamba ndiyo aliyoifundisha tangu mwanzo. Kama kinachomwokoa mtu ni kukata hasara mapema, basi sifa ni ya kukata hasara, wala haihitaji herufi hata moja.

Anayelipia mchezo huu si mwalimu wala broka. Wa kwanza anakula ada, wa pili anakula tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, soko lipande lishuke. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya tofauti ya bei hupoteza pesa. Hao ndio wanaoambiwa hawakuhesabu vizuri, kisha wanauziwa kozi ya pili. Kwa hiyo mwalimu wa mawimbi akikudai ada, awe Nairobi, Dar es Salaam au London, mtake kwanza aandike hesabu moja, yenye tarehe na kiwango cha kushindwa, kabla soko halijafunguliwa. Akikuandikia mbili, usilipe.