Ng'ombe Mwenye Yuro Tumboni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, malaigwanani mlioketi mbele, wazee wangu shikamooni, yeyo zangu mliowahi kivuli, na ninyi vijana mliokuja Enguserosambu kuchaji simu mkakuta kuna mhadhara: naombeni utulivu. Simu zinazochajiwa zitaendelea kuchajiwa. Malipo ni yaleyale.

Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mbobezi wa Herufi, Mshauri Mwandamizi wa Fonti, na mlezi wa mashine ya kopi. Vyeo hivi sikupewa na mtu. Ningepewa na mtu, mtu huyo angeweza kuninyang'anya. Cheti ninacho, nilikichapa kwa mkono wangu, kipo ukutani dukani na kila mmoja wenu amewahi kukiona, isipokuwa jina langu la ukoo, ambalo kwa sasa linasomeka visanduku vitatu na nukta. Tutafika huko.

Mnajua yaliyotokea. Kompyuta yangu ilikuwa ikiniomba ruhusa ya kujisasisha tangu mvua za vuli, kila asubuhi, kwa unyenyekevu, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Siku moja nikasema haya. Ikanywa bando la mwezi mzima, ikageukia betri ya sola ikainywa nayo, ikazima, ikawaka, ikazima tena, kisha ikaniandikia kwamba kila kitu kiko tayari. Hapo ndipo mtaalamu wa kweli hutambulikana: nilitoka nje kwanza nikanywa chai.

Niliporudi nikaifungua orodha ya mifugo ya kijiji. Tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, ng'ombe wetu wamepigwa chapa ya moto, wakavishwa hereni, wakaandikwa na kuandikwa tena. Orodha kwetu si jambo la mchezo. Nikaichapa kurasa tisa, nikagawa. Jioni hiyohiyo mzee mmoja, ambaye yuko hapa na amekwisha kunikodolea macho, aliingia dukani akaitoa karatasi ndani ya shuka lake, akaikunjua polepole, akainyoosha mkono wote ili aione, akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya neno moja. Neno lenyewe lilikuwa hivi: ngâ€™ombe.

"Hii naijua," akasema, ukucha ukiwa juu ya ile €. "Hii ni pesa ya Wazungu. Niliiona mkononi mwa mtalii kule Ngorongoro. Nani amewapangia bei ng'ombe wangu?"

Kisha ukucha ukasogea kushoto. "Na huyu mbona amevaa kofia?"

Kisha kulia. "Na hii hapa ndogo ya juu, ni chapa ya nani?"

Ndugu zangu, mtu wa kawaida angesema sijui. Mimi nilimjibu papo hapo kwamba ni baridi ya mlimani imeingia kwenye waya. Jibu hilo halikuwa sahihi, lakini lilikuwa kwa wakati, na kwenye huduma kwa wateja wakati ni kila kitu.

Sasa tuingie kwenye sayansi. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ukiandika "a" yenyewe inaona 97, kama vile afisa mifugo asivyomjua ng'ombe wako kwa jina wala kwa rangi, anasoma hereni. Zamani hereni hizo zilikuwa 128 tu, za Wamarekani, walizozipanga mwaka 1963 kwa mahitaji yao, na kila taifa lililobaki likajitengenezea zake. Ikawa vurugu ya mnadani: namba moja, ng'ombe kumi. Mwaka 1991 ndipo ikatoka Unicode, daftari moja la dunia nzima, kila herufi na namba yake isiyogongana na ya mwenzake. Nasi tumo. Kimaasai kina irabu tisa, na herufi tano za vitabu vya shule hazitoshi kuzibeba, kwa hiyo wataalamu wa lugha wakaazima za ziada: ɛ ni 603, ɔ ni 596, ɨ ni 616, ʉ ni 649. Ile ŋ, ambayo wenye haraka huiandika ng', ni 331. Nisemeje kuhusu hiyo ʉ? Ndogo ilipata namba mapema, kubwa yake ikasubiri hadi 2006. Miaka yote hiyo neno lenye sauti ile ungeweza kulinong'ona kwenye kompyuta, usingeweza kulipigia kelele.

Namba ni jambo moja, umbo ni jingine. Fonti ndiyo kabati la mashuka. Kompyuta ikipewa 331 inakwenda kabatini kutafuta shuka la 331. Ikilikosa hapo inaazima kabati la jirani. Ikikosa kote inamtoa mgeni nje akiwa ndani ya sanduku. Ndicho kile kisanduku cheupe. Wakubwa wa Ulaya na Marekani wanakiita tofu, chakula cha maharage ya soya kinachokatwa vipande vya mraba, na Google walipotengeneza fonti zao za kuzikusanya lugha zote wakaziita Noto, yaani tofu iishe. Sisi tusio na tofu tutasema kisanduku.

Kwa nini visanduku vije baada ya kusasisha? Kwa sababu kusasisha ni kuhama boma, na katika kuhama, kabati moja husahaulika. Mwaka 2015 Windows 10 ilipotoka, fonti kadhaa za Kiarabu, Kihabeshi, Kiebrania na nyingine zilitolewa kwenye mzigo wa lazima zikawa za hiari: unazitaka, nenda kwenye mipangilio ukazipakue. Nyaraka zilizoandikwa kwazo hazikufa, zilivalishwa tu shuka la jirani. Mtu akaona barua yake imebadilika sura akadhani ni virusi.

Ugonjwa huu una dawa, na dawa ina jina tamu. Shirika la SIL, ambalo limeshughulika na lugha ndogondogo kwa miaka mingi, limetengeneza fonti mahsusi kwa watu wanaojifunza kusoma. Herufi zake zimetenganishwa waziwazi, I kubwa haifanani na l ndogo, na ŋ zetu na ɨ zetu zote zimo. Ni ya bure. Inaitwa Andika. Ndiyo, Andika, kwa Kiswahili, kitenzi cha kuamuru. Nimeamriwa mara nyingi na sijaipakua bado, kwa sababu bando lililobaki nimelitenga kwa matokeo ya mpira.

Lakini, na hapa ndipo mafundi wa vichochoroni wanapopotea, yule ng'ombe mwenye yuro hakuwa na ugonjwa huo hata kidogo! Tazameni: hakuwa na kisanduku. Kila herufi ilivaa vizuri, ilikuwa tu si yake. Ungempakulia fonti mia angebaki na kofia yake. Wajapani wana neno la hali hii, mojibake. Mimi naiita kusoma hereni kichwa chini.

Ilikuwa hivi. Mkato wa ng' ulionyooka, ule wa zamani, ni namba 39. Programu za kuandikia zikajifanya maridadi, zikawa zinaukunja bila kukuuliza, na mkato uliokunjwa ni namba 8217. Namba kubwa hiyo haikai kwenye baiti moja, inagawanywa tatu: 226, 128, 153. Mgawo huo unaitwa UTF-8, na waliouunda ni Ken Thompson na Rob Pike, Septemba 1992, jioni moja kwenye mgahawa huko New Jersey, juu ya kile kikaratasi kinachotandikwa chini ya sahani. Nami mahesabu yangu yote nayafanya kwenye karatasi ya maandazi, kwa hiyo kiwango chetu ni kimoja. Sasa programu ya upande wa pili ikifungua faili kwa desturi ya zamani ya Ulaya Magharibi haijui kwamba watatu hawa ni mtu mmoja. Inawasoma kila mmoja kivyake: 226 ni a yenye kofia, 128 ni yuro, 153 ni alama ya biashara. Kofia, pesa na chapa. Mzee alisoma sawasawa kabisa. Aliyesoma vibaya ni kompyuta, na baada yake mimi.

Fundi mmoja alinishauri nipige Windows, yaani nifute yote niiweke upya. Jamani, kompyuta ikichelewa, piga Windows. Ikilia, piga Windows. Ikipoteza chaja, piga Windows. Mwaka 2011 dunia nzima ilimiminika hapa wilayani kwetu, Samunge, kunywa kikombe cha dawa cha yule Babu kwa shilingi 500, kikombe kimoja kwa maradhi yote. Sisemi neno, mimi mwenyewe nilipanga foleni. Nasema tu kwamba kikombe kimoja katika wilaya kinatosha.

Nikabuni Mbinu ya Kukwepa. Kama tatizo ni ng', usiandike ng'. Ng'ombe nikawaandika "mifugo mikubwa". Ng'ambo ikawa "upande wa pili". Kung'oa ikawa "kutoa kwa nguvu". Muhtasari wa mkutano wa kijiji ukapendeza, isipokuwa pale panaposema mifugo mikubwa ilitolewa kwa nguvu kutoka upande wa pili, ambapo polisi walikuja kuuliza maswali. Na majirani zetu wa Ng'arwa, ambao jina la kijiji chao halikwepeki, niliwaachia nafasi tupu nikawajaza kwa kalamu.

Ndipo alipotokea msaidizi wangu wa utafiti, binti wa kidato cha pili, ambaye hadi dakika hii hajui kwamba ni msaidizi wangu. Alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Akachungulia, akasema, "Shikamoo, naomba kipanya." Hakuligonga lile faili mara mbili kama ninavyoligonga mimi. Alifungua ukurasa mtupu, akaenda penye kuingiza data, pakatokea swali la asili ya faili, akateremka kwenye orodha ndefu, akachagua UTF-8. Ng'ombe wote wakavua kofia. Nikamtoza kopi nusu bei, na huo uvumbuzi nimeusajili kwa jina langu, yaani visanduku vitatu na nukta.

Orodha mpya hii hapa, kurasa tisa, safi, mpokezane taratibu. Nina nafasi ya swali moja kabla jua halijaondoka kwenye paneli.

Ndiyo, mzee wangu. Simama tukusikie. Ndiyo, hiyo ndiyo yako. Ndiyo, ng'ombe sitini na wanne, wote wapo. Hapana, mzee, sikuficha kitu. Hapana, hazikuwa zako tangu mwanzo, ilikuwa ni namba 128 tu... Wazee, naombeni mkae. Mwenyekiti, nisaidie. Mzee anauliza nani amekula yuro zake.