Sifuri Nne na Makongoro

Baba mkwe, ambaye meno yake yaliyobaki anayatunza kwa kazi maalumu, alilipeleka kongoro shavu la kulia, akalihamishia la kushoto, kisha akalitoa kwa heshima zote na kuliweka ukingoni mwa sahani. Hakusema neno. Shemeji ndiye aliyesema: "Shemeji, hili bado lina safari." Akampa mtoto hela akalete supu kwa mama wa pale kona. Supu ya kununua, ndani ya nyumba yangu, hapa Charambe, Jumapili asubuhi, mbele ya wakwe! Masikio yananiwaka hadi sasa.

Yote ni sababu ya sufuria ya umeme ya kupikia taratibu niliyouziwa Kariakoo kwa maneno matamu: weka nyama usiku, lala, asubuhi pakua. Na kusema haki, chombo chenyewe kina akili. Ni chungu kizito cha udongo uliochomwa, kimekaa ndani ya ganda lenye waya za moto ubavuni. Joto linapanda bila papara na mfuniko unaurudisha mvuke chini. Irving Naxon wa Chicago alipata hataza yake mwaka 1940, kutokana na simulizi za mama yake kuhusu Lithuania: kitoweo kiliachwa usiku kucha kwenye tanuri la mwoka mikate, ili siku ya Sabato watu wale cha moto bila kuwasha moto.

Makongoro ni saizi yake kabisa. Mguu wa ng'ombe hauna nyama ya maana. Ni ngozi, kano, gegedu na mfupa. Uimara wote huo ni kazi ya kolajeni, nyuzi tatu zilizosokotana, na kadiri ng'ombe anavyozeeka ndivyo zinavyokazana. Yule aliyeletwa mnada wa Pugu baada ya kuyatembea malisho ya Usukumani miaka na miaka, usimfanyie mzaha. Ila zikikaa saa nyingi kwenye nyuzijoto 80 au 90 hivi, zinalegea, zinayeyuka kuwa jelatini, ile inayokunatisha midomo ukinywa supu. Presha inawahi kwa sababu maji yake hufika karibu nyuzijoto 120. Sufuria yangu haina ubabe huo. Inachoomba ni muda tu.

Nikayababua, nikayakwangua, nikatia tangawizi, nikabonyeza saa nne usiku. Saa nane umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika chache. Sasa sikiliza: sufuria yenye kitasa cha kuzungusha, umeme ukirudi, inaendelea na kazi. Yangu ya vitufe inaonyesha sifuri nne, zinawaka, zinazima, inasubiri bwana aamke. Bwana alikuwa anakoroma. Alfajiri nikakuta vuguvugu, nikayahamishia kwenye gesi yakatokote kwa fujo, na wakwe ndio hao wanapiga hodi.

Wala si mara ya kwanza: mbavu za mbuzi ziliwahi kuishiwa uniti za umeme katikati. Mkia uliiva vizuri sana, siku ambayo hakuja mtu.

Kicheko nimekizoea. Kinachoniuma ni hiki: mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Naunga mkono, misitu inakwisha na moshi unaua. Lakini mama wa kona anakesha na mkaa wake kwa sababu mkaa haukatiki saa nane usiku. Nimwambie nini huyu, wakati wakwe zangu wameshiba kwake?

Ukienda kununua, chukua yenye kitasa. Nanyi wenye umeme wenu, kama ni lazima mkate, kateni mchana tukiwa macho.