Namna ya Kufanya Mazoezi ya Takwimu Bila Kujifunza Takwimu

Mitihani imekaribia, bumu limeisha, na kozi ya utangulizi wa takwimu bado inakudai mada mbili: kupima nadharia tete na kutafuta mipaka ya uhakika. Usihangaike. Wanachuo wengi wamevuka hapo salama bila kuelewa chochote, na mbinu zao zipo, ila hakuna aliyewahi kuzipanga vizuri kwa ajili ya wadogo zao.

Anzia steshenari. Nunua desa la mitihani ya nyuma iliyokwisha kujibiwa, si lile la maswali matupu. Swali lisilo na jibu ni usumbufu, kwani linakulazimisha ufikiri na hujui utafikiri mpaka saa ngapi. Fungua jibu kwanza, linakili kwa mwandiko mzuri, pigia mstari mwekundu maneno "Tunakataa H-sifuri", kisha jiambie, "Kumbe rahisi." Fanya hivyo mpaka daftari lijae. Mkono utauma, na mkono unaouma ni ushahidi tosha kwamba umesoma.

Sasa chukua swali lisilokosekana katika desa lolote. Kiwanda kinadai kila mfuko wake wa sukari una wastani wa kilo 50. Mkaguzi amepima mifuko 25, akapata wastani wa kilo 49.2 na mchepuko sanifu wa kilo 2. Je, dai la kiwanda lina mashiko? (Watunzi wa maswali haya wanavishuku sana viwanda. Lumbesa hawaijui: gunia limefura kuliko inavyoruhusiwa na anayepunjwa ni mkulima, jambo ambalo kila aliyewahi kusimama kwenye mnada wa vitunguu amelishuhudia.)

Wenye muda wa kupoteza huanza kwa kujiuliza wanashuku nini, na wamekishuku tangu lini. Wewe nenda moja kwa moja kwenye kalkuleta. 49.2 kutoa 50 ni −0.8. Mchepuko wa 2 ugawe kwa kipeuo cha pili cha 25, ambacho ni 5, upate 0.4. Gawa −0.8 kwa 0.4. Jibu ni −2, na hapo hesabu zimekwisha. Mtoto wa sekondari angezifanya.

Utamu unaanza sasa. Fungua jedwali la z: kwa mikia miwili na kizingiti cha 0.05, mpaka ni 1.96. Mbili imepita, kiwanda kimekamatwa. Fungua jedwali la t, mstari wa digrii za uhuru 24: mpaka ni 2.064. Mbili haijafika, kiwanda kimepona. Baki kwenye jedwali hilohilo la t lakini hamia mkia mmoja: mpaka unashuka hadi 1.711, na kiwanda kimekamatwa upya. Mifuko ni ileile, na hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata punje.

Mtu asiye na mwongozo angeingiwa na wasiwasi hapa. Angeona kwamba jibu limeamuliwa na mambo ambayo kalkuleta haikuulizwa, na kwamba mambo hayo yalitakiwa kupangwa kabla ya mfuko wa kwanza kupanda kwenye mizani. Wewe yapange baadaye. Tazama kwanza namba imeangukia upande gani, kisha kumbuka ghafla kwamba tangu mwanzo ulikuwa ukishuku kupunjwa. Thamani ya p itashuka kutoka karibu 0.057 hadi karibu 0.028 bila kupima mfuko mwingine. Punguzo kama hilo hata Kariakoo hulipati. Wala usishangae kwamba 0.057 ni aibu na 0.049 ni sherehe. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1925, aliitaja 0.05 kama mpaka unaofaa kwa matumizi. Sisi tumeigeuza kuwa amri.

Kuhusu z na t, desa lina kanuni yake: n ikiwa chini ya 30 tumia t, ikifika 30 tumia z. Ishike kama namba ya siri ya simu. Usiulize ile kilo 2 imetoka wapi, kama ni mchepuko wa mifuko yote ya kiwanda au wa ile 25 peke yake. Swali hilo lilimsumbua William Sealy Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa akifanya kazi na sampuli ndogo. Aliona kwamba mchepuko unaokadiriwa kwa vipimo vichache wenyewe unayumba, na jedwali la z halina habari na kuyumba huko. Mwaka 1908 alichapisha ufumbuzi wake katika jarida la Biometrika kwa jina la kupanga, Student. Ile tofauti ya 0.104 kati ya 1.96 na 2.064 ni faini ya kutoujua mchepuko halisi. Anayelielewa hili hana haja ya kukariri 30. Kwa kuwa wewe umeshaikariri, usiiache ikaenda bure.

Tuseme umekwenda na t na mikia miwili. Andika kwa herufi kubwa: "TUNAKUBALI H-SIFURI, KIWANDA KINASEMA KWELI." Kisha tafuta mipaka ya asilimia 95: zidisha 2.064 kwa 0.4, upate kama 0.83, ongeza na utoe kwenye 49.2. Mpaka wa chini ni 48.37, wa juu ni 50.03. Kilo 50 imo ndani kwa gramu 26, sukari ya kikombe kimoja cha chai cha mtu asiyeogopa kisukari. Umeshinda. Funga daftari haraka kabla jicho halijaukuta ule mpaka wa chini, maana likiukuta litaona kwamba vipimo hivyohivyo vinakubaliana pia na upungufu wa kilo moja na nusu kwa kila mfuko, na hapo "kinasema kweli" itaanza kukuchoma. Wapo wanaoandika "hatuna ushahidi wa kutosha wa kukataa". Sentensi ndefu, nafasi ya jibu finyu. Wengine huuliza ingekuwaje kama mkaguzi angepima mifuko 100 na kupata wastani uleule na mchepuko uleule: −0.8 ingegawanywa kwa 0.2, jibu −4, na majedwali yote yangekubaliana. Hao ndio wanaochelewesha diskasheni.

Kipengele (c) ni "Fafanua mipaka uliyoipata", alama 2. Kariri hivi: "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani halisi uko kati ya 48.37 na 50.03." Inatiririka vizuri, na ndiyo tafsiri aliyoikataa Jerzy Neyman, aliyeijenga nadharia ya mipaka hii katika makala yake ya 1937. Kwake, wastani wa kiwanda umesimama mahali pamoja. Kinachohama ni mipaka, kwa sababu kila sampuli inazaa ya kwake. Peleka wanafunzi 100 ghalani, kila mmoja apime mifuko yake 25. Takriban 95 watarudi na mipaka iliyoukamata wastani halisi, na watano hivi watarudi na mipaka iliyoukosa, wakijiamini sawasawa na wenzao. Hiyo 95 ni sifa ya njia waliyoitumia wote, na hakuna anayejua kama yeye ni miongoni mwa wale watano.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Iagize kompyuta ikupe namba 25 za kubahatisha kutoka kwenye kundi ambalo wastani wake umeupanga mwenyewe, tafuta mipaka, rudia mara 100, hesabu iliyokosa. Ukiliona mara moja hulisahau tena, kwa hiyo silipendekezi. Sentensi ya kukariri ina staha zaidi: inaondoka kichwani siku ya mtihani, jioni, bila kinyongo.

Ukivuka bila sapu, mbinu hizi zitakufaa zaidi mwaka wa tatu, kwenye utafiti. Tengeneza dodoso refu, kisha pima nadharia tete 20, zikiwemo zisizo na kichwa wala miguu: rangi ya viatu na ufaulu, kitanda cha juu au cha chini na mahudhurio. Hata kama hakuna uhusiano wowote, na vipimo havitegemeani, uwezekano wa angalau kimoja kuvuka kizingiti cha 0.05 ni karibu asilimia 64. Kilichovuka kifanye kichwa cha ripoti, kiandikie utangulizi unaoonyesha kwamba ndicho ulichokishuku tangu ungali kidato cha sita, na vile 19 vifute kabla hujamtumia msimamizi faili.