Mzee Bikoni Amalizia Ugomvi wa Mtaa

Barua nne zimemfikia wiki hii Mzee Bikoni, mshauri wa gazeti kuhusu viwanja, kuta na wapangaji. Tatu zimeandikwa kwa hasira, moja kwa herufi kubwa tupu. Zote ni za Dar es Salaam, mji ambao jirani akichimba msingi, mtaa mzima hutoka na futi kamba.

Wa kwanza anajiita Asiyelala wa Sinza. Nyumba ya pili kutoka kwake imegeuzwa baa, spika zimeelekezwa dirishani kwake, na kila akilalamika anaambiwa ana wivu. Anauliza kama kuna sheria au amwachie Mungu.

Sheria ipo, anajibu Mzee Bikoni. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, sawa na Kijitonyama na Mikocheni, katika mradi wa viwanja uliopata mkopo wa Benki ya Dunia, na shabaha yake ilikuwa watu wapate pa kuishi. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha biashara kwa sababu tu mwenyewe amenunua friji tatu za bia. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, anayetaka kubadili matumizi huomba kibali. Basi Asiyelala asirushe mawe juu ya bati la baa. Aanzie serikali ya mtaa, aende kwa ofisa mipango miji wa Manispaa ya Ubungo, na aulize jambo moja tu: kwenye ramani kiwanja kile ni cha matumizi gani? Malalamiko ya muziki ayapeleke NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ambacho kimewahi kufungia baa na kumbi za jijini kwa sababu ya kelele.

Tatizo liko ukurasa wa pili wa barua. Humo Asiyelala anataja, kama jambo la kupita, kwamba mbele ya nyumba yake amejenga fremu nne, na moja amempangisha fundi wa kuchomelea mageti. Mzee Bikoni anashauri lile swali la ramani liulizwe kwa sauti ya chini.

Barua ya herufi kubwa imetoka Tandale, kwa mpangaji wa chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba sita na mita moja ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa Luku: mwanzoni Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 vikapanda hadi Sh1,500 na Sh7,500. Makato huchukuliwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Matokeo yake, anaandika, tarehe 30 ikifika nyumba nzima inakuwa ya kiungwana ghafla. Pasi hazionekani, jiko la umeme limerudishwa chini ya kitanda, na kila mtu anamngoja mwenzake awe wa kwanza kununua. Mwezi uliopita walikaa gizani siku mbili, wote sita wakiwa na hela kwenye simu.

Hapa Mzee Bikoni hana mzaha. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Aliyebuni njia hii alifikiria mita na akasahau kwamba anayebonyeza namba mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilipoulizwa, jibu lilikuwa wapangaji waelewane na wenye nyumba wao, kana kwamba watu hao wana mazoea ya kuelewana. Lakini ndani ya jibu hilo kuna njia. Wapangaji wakae, waandike makato ya kila mwezi pamoja na jina la aliyenunua, wamwoneshe mwenye nyumba, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango lijalo. Kwa mwaka ni Sh18,000. Akikataa kukipunguza, basi wagawane wote sita, Sh250 kila mmoja kwa mwezi, ambayo ni nafuu kuliko kukaa gizani.

Barua ya Masaki ni fupi, na jibu lake litakuwa fupi. Mwandishi analalamika kwamba jirani amekata nyumba yake vipande na kuvipangisha kwa wageni wa siku mbilimbili, na sasa mtaa “umekuwa Uswahilini”. Mzee Bikoni anamkumbusha kwamba mji huu uligawanywa kwa aina ya majengo tangu kanuni ya Wajerumani ya 1891. Waingereza waliendeleza kanda tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga Uhindini na Uswahilini. Kama malalamiko yake ni maegesho na maji taka, ofisi ya manispaa ipo. Kama ni watu wenyewe, amechelewa.

Wa mwisho ni mama mwenye nyumba wa Mbagala. Mpangaji wake ana miezi mitatu hajalipa, naye ameshang'oa dirisha moja na anauliza kama aendelee na mlango.

Asiendelee. Mama huyu hajui bahati aliyonayo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, na kwa miaka mingi kodi za nyumba zilidhibitiwa kwa sheria. Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba anataja bei anayotaka na kudai miezi sita au mwaka mzima mkononi, huku mpangaji akibaki na mkataba wake, kama anao. Upande wenye nguvu hivyo hauna haja ya kung'oa madirisha. Aende kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 halihukumu tena bali husuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka, afungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Abebe mkataba, na kama walikubaliana kwa mdomo, abebe meseji za malipo ya miezi ya nyuma.

Na dirisha alirudishe leo hii, maana mbu wa Mbagala hawasubiri usuluhishi.