Sifa za Rangi ya Sherehe

Mnazi umesifiwa mpaka umechoka. Nanasi la Kiwangwa lina wapambe wake, korosho vilevile, na hata foleni ya malori ya Zambia hapa njia panda ya Chalinze haikosi wa kuitetea, hasa anayeuza mahindi ya kuchoma. Ila sijamsikia mtu aliyesimama hadharani kuusifu ule mstari wa mwisho wa kadi ya harusi, chini kabisa ya namba za kutumia mchango: Rangi ya sherehe, damu ya mzee na dhahabu. Watu wakiusoma huguna. Wengine huigeuza kadi upande wa pili kutazama kama kuna msamaha. Nasema tumeukosea adabu, na leo naomba niutendee haki.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba unatiiwa. Si jambo dogo katika nchi hii. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kuchubua ngozi vingekuwa marufuku Dar es Salaam. Hata tarehe haijafika, vijana walishaingia mitaani na kwenye mabasi kuwaandama wanawake, kukawa na vurugu. Kilikuwa chama chenye dola, chenye magazeti na redio, na sketi fupi zilirudi zikatukuta. Miaka hiyohiyo Serikali iliwakazania Wamaasai waache lubega wavae suruali. Lubega ipo. Asiyeamini aende mnadani siku ya ng'ombe.

Sasa ilinganishe Serikali na kamati ya harusi. Kamati haina polisi, haina sheria ndogo, haina hata ofisi. Inakutana barazani kwa mjomba wa bwana harusi, na nusu ya wajumbe hawajamaliza kulipa ahadi zao wenyewe. Mwenyekiti anaandika mstari mmoja kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku. Kufika asubuhi, kata nzima ya Bwilingu inaulizana bei ya satini, kuna mtu ameshapanda gari la Kariakoo, na mama mmoja anapekua begi la nguo za marehemu dada yake. Hakuna aliyelazimishwa. Waziri gani amewahi kupata raia wa namna hiyo?

Wenzetu wa baharini wamelishughulikia jambo hili la kupangiana mavazi miaka mingi, lakini kwa ulegevu. Meli kubwa za kitalii, zikiwemo zinazotia nanga Dar es Salaam na Zanzibar, zimegawanyika. Kampuni ya Cunard bado inashikilia usiku wa gala: kwenye Queen Mary 2 ikifika saa kumi na mbili jioni, wanaume wanatakiwa suti nyeusi ya jioni au suti ya giza na tai, wanawake magauni ya jioni. Norwegian nayo tangu mwaka 2000 imejitangazia uhuru, kila mtu ale wakati autakao na kwa nguo aliyopenda. Abiria nao wana kambi mbili. Wa kwanza wanasema usiku usio na tai ni sawa na kula stendi. Wa pili wanauliza kwa nini mtu alipe nauli yote ile kisha aambiwe cha kuvaa. Wanabishana kwa raha zao, maana wana pa kutokea: hata huko Cunard, anayegoma kuvaa hafukuzwi melini, anaelekezwa tu kwenye bafe akale na shati lake la kawaida.

Chalinze hatuna ghorofa ya bafe. Ukifika na shati la kijani kwenye damu ya mzee, unakaa ukumbini humohumo, meza ya nyuma upande wa jenereta, na mpiga video akikupitia anakushusha kwenye kioo cha kamera haraka, maana mwenye harusi amelipia picha za rangi mbili tu. Hapo ndipo mtu anapojifunza msimamo.

Mabaharia walikuwa pia na huruma ambazo sisi tumezikataa kwa makusudi. Kwa desturi ya meli za zamani, usiku wa kwanza baharini watu hawakuvalia rasmi, kwa kuwa masanduku yalikuwa hayajafunguliwa. Hiyo ni huruma ya kwanza. Ya pili ni ya Waingereza waliokuwa wakikatiza Bahari ya Shamu: joto lilipozidi, waliruhusiana kuvua koti wakati wa chakula cha jioni, wakabaki na shati jeupe, suruali nyeusi na mshipi mpana kiunoni. Fikirini. Waingereza, watu waliokuwa tayari kutawala robo ya dunia wakiwa na soksi za sufu, walishindwa na joto wakavua koti. Chalinze haijashindwa. Mwezi Machi, ndani ya ukumbi wa bati wenye feni nne, mbili zikizunguka, bwana harusi na wapambe wake wamo ndani ya suti za vipande vitatu, na kizibao kimefungwa vifungo vyote. Jasho linatoka chini ya kofia ya mpiga kinanda mpaka kwenye kinanda. Hakuna aliyevua. Mwenyekiti wa kamati naye hajavua, na yeye ana kisukari.

Wanaodhani ushupavu huu umeletwa na simu hawaijui pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni vilienea kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam. Marini, waliojiona watu wa daraja, walishindana na Arinoti, na mashindano yenyewe yalikuwa ya ngoma, ya gwaride na ya mavazi. Waliiga wanamaji na maofisa, wakajipa vyeo, wakashona sare. Babu zetu walikuwa na mavazi yao rasmi zamani zile, na walitumia pesa ambazo hawakuwa nazo. Kwa hiyo mtu asije akasema kamati zetu zimeanzisha wazimu. Zimeurithi, na zimeutunza vizuri.

Twende kwa fundi, maana sifa bila ushahidi ni porojo. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi, cherehani ya miguu imeelekezwa barabarani ili mwanga umfikie, na juu ya kamba yananing'inia magauni kumi na mawili ya kitambaa kimoja. Kumi na mawili, rangi moja, lesi ileile, ya wanawake kumi na wawili wasiolingana kwa lolote. Alikuwa amebandika vikaratasi vya majina kwa pini. Upepo wa basi la Arusha ukapita, vikaratasi vikalala chini.

"Fundi wangu, vipi langu?"

"Lako tayari mama, limebaki zipu."

"Ijumaa si uliniambia hivyohivyo, zipu?"

"Ile ya Ijumaa ilikuwa zipu ya shangazi yako."

Akashusha gauni moja, akalitazama, akamtazama mteja kuanzia mabegani mpaka chini kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe, akalirudisha kambani akashusha jingine. Jumamosi hiyo shangazi alivaa gauni la mtoto wa kaka yake, na mtoto wa kaka yake aliingia mara mbili kwenye la shangazi. Wote wawili walikuwa kwenye rangi. Hiyo ndiyo hoja. Vazi la kawaida lingewaumbua, lakini mbele ya rangi ya sherehe swali la kukutosha au kutokukutosha linakuwa dogo.

Na elimu? Nani ametufundisha rangi kama kamati hizi? Nilipokuwa mdogo mzee wa barazani alikuwa na nyeusi, nyeupe, nyekundu, na kilichobaki chote kilikuwa cha majani. Siku hizi mzee huyohuyo anaulizwa na mjukuu kama koti lake ni rangi ya ugoro au ni kahawia, na analijibu swali kwa uzito, huku kashika kikombe cha kahawa. Wanaume wazima, madereva wa malori wenye leseni daraja la juu, wamesimama dukani wakibishana kama pichi ni chungwa lililokosa jua au ni waridi lililozidi. Mweka hazina wa kamati moja aliandika "bluu" bila kufafanua. Ukumbi ulijaa bluu za aina zote, ya shule, ya bahari, ya usiku, ya turubai, na wakwe wa upande wa pili wakadhani ni mgomo.

Wapo wasemao kwamba rangi moja inawapa watu usawa. Hoja hii nimeisikia kwa washereheshaji na inasemwa vizuri, hasa kipaza sauti kikiwa karibu. Kwamba ukumbini hakuna tajiri wala maskini, sote tumevaa damu ya mzee. Ni kweli kwa hatua kumi na tano. Kwa hatua tano unaona nani kavaa lesi iliyonakshiwa na nani kavaa bitana. Taa za ukumbi hazina siri: satini nzuri inanyonya mwanga, ile ya bei nafuu inaurudisha usoni mwako. Watu wakivaa rangi mbalimbali unaweza kujidanganya kwamba fulani kapenda tu kuvaa vile. Wakivaa rangi moja, tofauti iliyobaki ni pesa peke yake, imetengwa ikasafishwa ili kila mtu aione. Hii nayo ni faida. Inawarahisishia kazi wanaopanga meza kuu.

Msimu mzuri wa kuuona utukufu huu ni Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu, harusi zinapofuatana kwa haraka ya watu wanaotaka kuoa kabla ya kufunga. Nyumba moja yaweza kupata kadi nne kwa mwezi, na kila kadi na rangi yake. Mwalimu wa shule ya msingi anavaa zambarau, kisha njano, kisha kijani cha mwani, kisha fedha, kisha anafunga Ramadhani kwa utulivu kamili, kwa sababu hata cha kununulia futari ya ziada hakipo. Magauni hayo hayavaliwi tena. Huwezi kurudi na zambarau ya kina fulani kwenye harusi ya kina fulani; utaambiwa umebeba ya watu. Kwa hiyo zambarau inakuwa foronya, njano inakuwa pazia la jikoni, fedha anakatiwa mtoto wa mahafali ya chekechea, ambaye naye ameletewa karatasi kwamba rangi ya mahafali ni nyeupe.

Kuna sare moja siisifu, nayo ni kanga. Wanawake wanapomtoa mwali, wanakubaliana doti moja ya kanga, kila mtu ananunua ya kwake, anajifunga, anacheza, na Jumatatu anaifungia mtoto mgongoni au anaendea shambani. Ikichakaa inakuwa ya kudekia. Bei yake mtu wa kawaida anaimudu, haimkosi mtu kwa vipimo, na fundi hahitajiki. Sare yenye akili namna hiyo haina haja na mtetezi, kwa hiyo naiacha ilivyo.

Nimsifu zaidi mlinzi wa ukumbi. Ni kijana wa Kimaasai, anasimama mlangoni na rungu, na kazi yake ni kuangalia kadi na rangi. Kwenye harusi moja ya damu ya mzee na dhahabu, aliwazuia vijana wawili waliotoka Lugoba na mashati meupe. Walibishana naye sana. Mmoja akamwambia mbona wewe hujavaa rangi. Yule kijana alijitazama: lubega nyekundu iliyofifia kwa jua na kufuliwa, imekuwa damu ya mzee hasa, na shanga za dhahabu shingoni. Katika ukumbi ule wenye watu wasiopungua mia tatu, hakukuwa na aliyevaa karibu zaidi na kadi. Hakushona kitu, hakukopa kwa mtu, na vazi lake Serikali ilishalipiga vita zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mwenyekiti alipita, akamwona, akamwambia asisimame kwenye picha ya familia.

Wanaotaka tuige Norwegian, kila mtu avae apendavyo, nawaelewa. Ni watu waliochoka, na wengi wao wana watoto wanaosoma. Lakini wajiulize tutakachokuwa tunazungumza wiki nzima kabla ya harusi rangi ikiondolewa. Tutabaki na maswali mabaya: kama kijana ana kazi, kama binti ameulizwa, na ile mahari iliyotajwa mara tatu kwa viwango vitatu imefikia wapi. Rangi ya sherehe inatukinga na mazungumzo hayo kwa gharama ya gauni moja tu. Ni rahisi.

Ombi langu kwa kamati ni moja: msilegeze, ila tajeni rangi walau mwezi mmoja kabla, kwa jina ambalo muuza duka analijua, na mkishaitaja msiibadilishe. Wenye kadi za Jumamosi hii wajue kwamba zambarau imeondolewa tangu jana usiku, sasa ni bluu bahari na fedha. Fundi anapokea vitambaa mpaka Alhamisi mchana, na hakopeshi.