Injini ya pikipiki ndani ya gari: wakorofi sita wa umeme

Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kujijengea nyumbani gari dogo la michezo, mtindo wa Lotus Seven ya 1957, kwa pauni 250. Watu wakachomelea chesisi gereji, kisha wengine wakaanza kuikodolea macho injini ya pikipiki ya Yamaha R1 ya 1998: cc 998, nguvu za farasi takribani 150, na giaboksi ya gia sita humohumo. Kuifunga ni nati na bolti tu. Balaa ni nyaya, maana injini bado inajiona pikipiki. Twende kutoka mkorofi mdogo hadi bingwa. Kubisha ruksa.

6. Swichi ya stendi
Ukiingiza gia stendi ikiwa chini, injini inazima. Gari lina magurudumu manne na haliegemei popote, ila kompyuta ya injini inauliza vilevile. Mara nyingi dawa ni kuunganisha waya mbili, lakini soma mchoro kwanza: si kila modeli inakubali.
*Hukumu:* kelele nyingi, kazi ndogo.

5. Rivasi
Haipo. Hata bajaji inayo! Uingereza, gari linalozidi kilo 410 lazima liweze kurudi nyuma, hivyo wajenzi wengi hufunga mota ya umeme. Ipe waya nene, fyuzi yake, na swichi isiyoitika mpaka gia iwe huru.
*Hukumu:* gari la farasi 150 linalosukumwa na abiria kutoka maegesho ni aibu ya mtaa mzima.

4. Kihisio cha kuanguka
Pikipiki ikilala chini, kidude hiki kinazima injini. Kifunge kiubavu garini, na injini itaamini iko mtaroni kabla hujatoka gereji. Kikae vilevile kilivyokaa kwenye pikipiki. Wapo wanaokidanganya kwa rezista. Napinga hadharani, kwa sababu gari nalo hupinduka.
*Hukumu:* mwoga, lakini mwoga mwenye akili.

3. Alternata
Ni ya wati mia chache. Taa mbili za wati 55 zimeshachukua 110. Bado feni, pampu ya petroli na waipa. Fikiria foleni ya usiku, mvua inanyesha, injini inanguruma polepole! Taa za LED zinaokoa. Rektifaya nayo ipate upepo. Ukiificha karibu na eksozi, itaungua.
*Hukumu:* mshahara mdogo, wategemezi wengi.

2. Ufunguo
Honda zenye mfumo wa HISS hazitaki kununuliwa vipande vipande. Ufunguo una chipu, pete ya swichi inaisoma, kompyuta inaamua. Chukua vyote vitatu kutoka pikipiki moja, pamoja na nyaya zake zote bila kukatwa hata moja.
*Hukumu:* injini bila ufunguo wake ni pambo la sebuleni, tena zito.

1. Ethi
Chesisi imepakwa rangi, bodi ni ya faibaglasi, injini imekalia mipira. Umeme wa stata ukikosa njia nene ya kurudi kwenye betri, unaweza kujipenyeza kwenye kebo ya klachi na kuiunguza. Kebo ya klachi! Na ethi mbovu huigiza kila ugonjwa: leo taa hafifu, kesho kihisio kibovu, keshokutwa "kompyuta imekufa", na wewe unanunua vipuri tu. Kwangua rangi, funga waya nene kutoka injini hadi chesisi, na kutoka chesisi hadi betri.
*Hukumu:* bingwa, na mkanda hauondoki.

Najua mashabiki wa ufunguo mmeshasimama. Kweli, ufunguo unakunyima safari, lakini unakunyima waziwazi, ukiwa bado nyumbani. Ethi inakuacha uondoke, inakuangusha njiani, kisha inamsingizia mwenzake. Mwenye hoja ya kuivua ubingwa aje nayo, ila aje na mita mkononi.